Injini Inayoonyesha Tumbo Lake: Kisa cha V8 ya Renwal

Kwetu ukitamka "V8", hakuna anayewaza injini. Watu huona Land Cruiser ndefu yenye vioo vya giza, dereva ametulia, mkubwa amekaa nyuma na simu sikioni. Silinda nane, nne huku na nne kule, zilizoinamia nje kama mikono ya herufi V, hazimo kabisa kwenye picha hiyo. Wala si ajabu, maana injini ni kitu kilichofungwa. Hata fundi aliyeshusha injini mara mia huiona ikiwa baridi, vipande vimetandazwa kwenye turubai, nati zimo ndani ya kopo la maziwa. Ikifanya kazi haionekani. Ikionekana haifanyi kazi.

Kisa ninachokichambua hapa ni cha watu waliotaka vyote viwili kwa wakati mmoja, na plastiki ikawapa. Ni cha miaka ya mwisho ya 1950 kuelekea 1960, Mineola, jimbo la New York, katika kampuni iliyoitwa Renwal. Walitoa injini ya V8 ya kuunganisha mwenyewe mezani, robo ya ukubwa halisi, bloku yake angavu kama glasi ya maji. Ukimaliza kuiunga unawasha swichi, betri inazungusha mota, pistoni zinapanda na kushuka, valvu zinafunguka na kujifunga, feni inazunguka, na kwenye kila plagi taa ndogo inawaka zamu yake ikifika. Waliiita Visible V8, yaani V8 inayoonekana.

Modeli hiyo imeendelea kuuzwa kwa miongo kadhaa baada ya Renwal yenyewe kufa. Hapo ndipo penye swali. Modeli nyingi za plastiki za enzi ile zimebaki kwenye makabati ya wakusanyaji, sanduku limepauka, bei imepanda. Hii ilirudi rafuni tena na tena. Nitatangulia kusema ninavyoona: Renwal hawakuuza umbo la injini, waliuza mwendo wake, na injini yenyewe hawakuipa jina la kampuni yoyote ya magari. Maamuzi hayo mawili ndiyo yaliyoibeba. Mengine yote, pamoja na makosa ya kiufundi ambayo nitayasema bila kuyafunika, yamefuata nyuma.

Kwanza kampuni. Jina Renwal ni jina la ukoo, Lawner, limesomwa kinyumenyume. Tangu miaka ya 1940 walijulikana kwa samani za plastiki za nyumba za wanasesere: vikabati, vitanda, majiko ya kutosha kiganjani. Mtu wa modeli za magari anaweza kucheka hapo, lakini asicheke haraka. Baadhi ya samani zile zilikuwa na droo zinazovutika na milango inayofunguka kweli. Kutengeneza droo ya plastiki yenye urefu wa kucha, ikaingia na kutoka bila kukwama, si mchezo; unatakiwa kuujua upenyo kati ya kipande na kipande kwa usahihi wa sehemu ya milimita. Kampuni iliyozoea plastiki inayotembea ilikuwa karibu na injini kuliko kampuni iliyozoea plastiki inayong'aa.

Na wenye plastiki inayong'aa walikuwepo. Mwaka 1958 kampuni ya modeli ya AMT, ya Michigan, ilitoa seti zake za magari kwa kipimo cha 1:25, ambazo kijana aliweza kuziunga kwa namna tatu tofauti. Bodi zilikuwa nzuri mno, krome inametameta, lakini boneti haifunguki na chini yake hakuna kitu. Baadaye injini zikaja, zikawa vipande vichache vilivyogandishwa: nusu ya bloku hapa, nusu pale, kichujio cha hewa juu, basi. Si uvivu. Chukua Chevrolet ya 1955, ile iliyokuja na V8 ya inchi 265 za ujazo, kama lita 4.3. Kipenyo cha silinda yake ni takriban milimita 95. Igawe kwa 25, unapata pistoni yenye upana wa punje ya choroko. Nani atatia ringi hapo?

Kwa robo ya ukubwa mambo hubadilika. Pistoni ileile inakuwa na upana wa milimita 24, na safari yake ya juu na chini, ambayo kwa kweli ni kama milimita 76, inakuwa 19. Jicho linaona, kidole kinashika. Ujazo wa silinda zote nane kwa kipimo hicho ni kama mililita 68, kikombe kimoja kidogo cha kahawa chungu. (Nimetumia Chevrolet kwa hesabu tu. Ya Renwal haikuuzwa kama Chevrolet, na nitalirudia jambo hilo.)

Lazima tukumbuke pia V8 ilikuwa nini kwa Mmarekani wa miaka ile. Ford ndiye aliyeishusha kwa mtu wa kawaida mwaka 1932. Kabla ya hapo ilikuwa mali ya wenye pesa. Mwaka 1949 Cadillac na Oldsmobile wakaja na V8 mpya zenye valvu juu ya silinda, 1951 Chrysler wakaja na V8 yao iliyojulikana kama Hemi, na hiyo Chevrolet ya 1955 ikamaliza kazi. Vijana walinunua Ford kuukuu, wakang'oa, wakafunga kubwa zaidi. Kila mtaa ulikuwa na kaka mmoja mwenye mikono myeusi ya grisi ambaye wadogo wote walimzunguka. Mdogo huyo wa miaka kumi na mbili, ambaye hajaruhusiwa kugusa spana, ndiye mnunuzi wa Renwal.

Mababu wawili wa kioo

Wazo la kuonyesha tumbo la kitu kwa nyenzo angavu halikuzaliwa Mineola. Mwaka 1930, kwenye jumba la makumbusho ya afya mjini Dresden, Ujerumani, walionyesha Mtu wa Kioo, kazi ya fundi Franz Tschackert: umbo la binadamu la ukubwa halisi, ngozi yake ya plastiki angavu, na viungo vya ndani vikiwaka taa kimoja baada ya kingine. Weka akilini hizo taa.

Babu wa pili ni gari. Kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York ya 1939, General Motors iliweka Pontiac iliyovuliwa mabati ya nje na kuvishwa pleksiglasi, plastiki angavu, ya kampuni ya Rohm & Haas. Chuma cha ndani kilipakwa rangi ya shaba, raba zikawa nyeupe, na watu wakapanga foleni kutazama kinachofanyika ndani ya mlango unapozungusha kioo. Gharama yake inatajwa kuwa dola 25,000, pesa za kununulia nyumba kadhaa wakati huo. Mwaka 2011 iliuzwa mnadani kwa dola 308,000. Ni gari la kupendeza sana, ila mimi lina jambo moja linanikera: injini ilibaki chuma. Unaiona kupitia boneti, umekwama hapohapo. Pale moto unapowaka palibaki gizani.

Kilichobadilika baada ya vita ni bei ya polistirini. Plastiki hii huyeyuka vizuri, hujaza kila kona ya kalibu, yaani chuma cha kufinyangia, hupoa upesi, na ikiachwa bila rangi hupitisha mwanga kama kioo. Kilichokuwa kazi ya mafundi wa makumbusho kikaweza kutoka mashineni kila baada ya sekunde chache.

Halafu Oktoba 1957 Wasovieti wakarusha Sputnik, na Marekani ikashikwa na homa ya sayansi. Mwaka uliofuata Bunge lao likapitisha sheria ya kumwaga fedha kwenye elimu ya sayansi, hisabati na lugha za kigeni kwa jina la ulinzi wa taifa. Mzazi aliyekuwa akimnunulia mwanawe bunduki ya bandia sasa alitafuta kitu cha kumfundisha. Renwal wakamleta Mtu Anayeonekana, mwanamume wa plastiki angavu mwenye mifupa na viungo vya kuunga, kisha Mwanamke, kisha kichwa, farasi, ng'ombe, mbwa. Mchongaji wa Mtu na Mwanamke ni Marcel Jovine, mwanajeshi wa Italia aliyetekwa Afrika Kaskazini na kupelekwa Marekani kama mfungwa wa vita. Aliishia kuwa raia na msanii wa medali anayeheshimika huko. Nisiseme sana, maisha yake yanastahili makala yake peke yake.

Injini ya V8 ilizaliwa ndani ya ukoo huo, na hili ndilo watu wa modeli za magari hulisahau. Haikuwa ndugu ya magari ya AMT. Ilikuwa ndugu ya ini na mapafu. Waliitazama injini kama mwili: ngozi inayopitisha mwanga, viungo vya rangi tofauti ndani yake, na taa zilezile za Dresden, sasa zimehamia kwenye plagi.

Inachofundisha

Hapa napenda kukaa kidogo.

Silinda moja ya injini ya petroli hufanya mambo manne: huvuta hewa na mafuta, huvibana, huvilipua, kisha hutoa moshi. Manne hayo huchukua mizunguko miwili ya krenkishafti (krenki), mhimili unaozungushwa na pistoni, na valvu hutakiwa kufunguka mara moja tu kwa kila mizunguko hiyo miwili. Kwa hiyo kemshafti, inayozisukuma valvu, lazima izunguke nusu ya kasi ya krenki. Njia ni rahisi: gia ya kemu ina meno maradufu ya gia ya krenki. Sentensi hizo nimeziandika kwa dakika mbili na msomaji anaweza kuzisoma mara tano bila kuziona. Kwenye modeli, unaweka alama kwenye jino la kemu, unazungusha krenki mara moja, alama iko upande wa pili. Unazungusha tena, imerudi. Hakuna aliyekueleza neno.

Sasa zidisha kwa nane. Mizunguko miwili ni nyuzi 720; ukigawa kwa silinda nane, kila baada ya nyuzi 90, robo ya mzunguko, silinda moja inalipuka. Lakini hazilipuki kwa kufuatana zilivyokaa. Kwenye Chevrolet ile niliyoitaja mpangilio ni 1-8-4-3-6-5-7-2, namba shufwa upande mmoja na witiri upande wa pili. Mpangilio wa namna hii husambaza mapigo kwenye urefu wa krenki ili isipigwe mfululizo sehemu moja. Fundi wetu anaujua kwa moyo, kwa kuwa akikosea nyaya za plagi injini inatetemeka na kupiga risasi kwenye ekzosi. Mtoto wa Renwal aliuona kama taa zinazorukaruka kutoka upande huu kwenda ule.

Na anaziona kwa sababu modeli ni ya polepole. Injini halisi ikiwa imetulia tu, inanguruma pasipo kukanyagwa, huzunguka kama mara 600 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 10 kwa sekunde, na kwa kuwa kila mzunguko una milipuko minne, ni cheche 40 kila sekunde. Hata ungekuwa na bloku ya kioo kwenye gari halisi usingeona chochote ila ukungu unaotetemeka. Mota ndogo ya betri, kwa udhaifu wake, ndiyo inayoleta elimu.

Ndiyo maana nasema waliuza mwendo. Ukiiweka modeli hii imezimwa kando ya injini ya mkusanyaji mzuri, yenye nyaya za plagi za uzi na rangi ya kutu kwenye ekzosi, inaonekana kama kitu cha duka la vinyago. Ukiiwasha, ile nyingine inakuwa sanamu.

Inapodanganya, na inapovunjika

Sitaki ionekane sina lawama. Polistirini angavu ni nyenzo yenye hasira. Gundi ya modeli haishiki kama gundi ya seremala. Inayeyusha uso wa plastiki ili vipande viwili viwe kimoja. Kwenye plastiki ya rangi, tone likimwagika unapiga msasa na kupaka rangi. Kwenye plastiki angavu, tone ni kovu la milele, na alama ya kidole chenye gundi itabaki hapo hadi siku ya kiyama, katikati ya silinda namba tatu, ikimtazama kila mgeni. Mvuke wake nao huacha ukungu mweupe. Ukikaza skrubu kupita kiasi, ufa unakimbia kama kwenye kioo cha mbele cha daladala.

Halafu kuna msuguano. Pistoni nane, konrodi nane za kuziunga na krenki, valvu kumi na sita na chemchemi zake, plastiki juu ya plastiki, na mota moja ndogo ya kuvisukuma vyote. Kijisehemu kimoja cha mabaki ya kalibu kisipokwanguliwa, au gundi kidogo ikiingia kwenye bearing, pale mhimili unapokalia na kuzungukia, mota inalia na injini imekataa. Ni modeli inayomwadhibu mwenye haraka.

Hayo ni ya mikono. Uongo wa modeli ni mwingine. Haina joto. Maji hayapiti popote kwa maana yoyote, feni inazunguka kwa mapambo. Na haina oili. Kwenye injini ya kweli krenki haigusi bearing zake. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili unaosukumwa na pampu, na utando huo ukikatika kwa dakika chache tu, chuma kinakula chuma na mwenye gari anaanza kuulizia bei ya injini ya Dubai. Mtoto aliyeunga Visible V8 ataweza kukuambia silinda ipi inafuata, lakini hatajua kwa nini taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi ndiyo ya kuogopwa kuliko zote. Wangeweza kuonyesha njia za oili kwa rangi ndani ya bloku? Naamini wangeweza, kama walivyofanya kwa mishipa ya damu ya yule Mtu. Hilo nalihesabu kama nafasi iliyopotea.

Kalibu na wenye kalibu

Renwal hawakukosa ujasiri. Walitoa chesisi nzima ya gari inayoonekana. Mnamo 1966 walitoa magari ya plastiki yaliyobuniwa na Virgil Exner, aliyekuwa mkuu wa usanifu wa Chrysler, akifikiria Duesenberg, Stutz na Mercer zingekuwaje kama zingefufuka. Ujasiri haulipi mishahara. Katikati ya miaka ya 1970 kampuni ilikwisha, na kalibu zake zikaenda kwa Revell ya Venice, California.

Kalibu ni pande za chuma zilizochongwa ndani kwa umbo la vipande; plastiki iliyoyeyushwa husukumwa humo kwa nguvu. Gharama yote iko kwenye kuchonga. Ikishachongwa, kila sanduku linalofuata ni plastiki, karatasi na umeme. Kwa hiyo kampuni ya modeli ikifa, kalibu hazizikwi nayo. Hurithiwa, kama mashine ya kuchapa inavyorithiwa pamoja na vibao vyake. V8 ya Renwal ikaanza kutoka kwenye sanduku la Revell. Revell yenyewe iliunganishwa na Monogram ya Illinois mwaka 1986, ikanunuliwa na Hobbico mwaka 2007, Hobbico ikafilisika 2018, na jina likaangukia kwa wawekezaji wa Ujerumani. Katika safari hiyo sanduku la Visible V8 lilirudi madukani mara kadhaa.

Kwa nini hili, na si jingine? Tazama magari ya AMT. Kalibu zao ziligeuzwa kila mwaka kufuata modeli mpya ya Detroit: taa za mbele zinachongwa upya, mabawa ya nyuma yanakatwa. Kalibu ya 1959 iliuawa ili kuzaa ya 1960. Biashara yao ilikuwa upya, na upya huchacha. Renwal, kwa kutoandika Ford wala Chevrolet kwenye injini yao, walitengeneza kitu kisicho na tarehe. Wapenzi hubishana hadi leo inafanana na ipi, wakitazama vifuniko vya valvu na mahali ilipokaa distributa, kile kigawa umeme wa plagi. Acha wabishane. Mwalimu haulizi, na baba anayemnunulia mwanawe haulizi.

Wapo waliochagua njia nyingine wakafanikiwa. Franzis ya Ujerumani iliuza injini ya Porsche 911, silinda sita zilizolala, robo ya ukubwa kama ile ya Renwal, inayochomekwa na kufungwa kwa skrubu bila gundi, na sauti ya injini halisi ndani ya kispika. Haynes ya Uingereza, wale wa vitabu vya ufundi wa magari, nao wakatoa injini angavu zao. Kuondoa gundi ni hatua kubwa, nakiri. Ndilo jibu la kovu nililolisema. Lakini ya Porsche inanunuliwa na anayemiliki Porsche au anayeiota. Ni mnunuzi mwenye mvi, si yule wa miaka kumi na mbili.

Kwenye vyuo vyetu vya ufundi kazi hii hufanywa na injini halisi iliyokatwa kwa msumeno, kingo zikapakwa rangi nyekundu, ikafungwa juu ya stendi. Ina uzito wake, ina ukweli wa chuma, na ukiizungusha kwa mkono unahisi silinda inavyosukumana na mkono wako. Ila husimama mahali pamoja, na mwanafunzi wa arobaini huitazama juu ya bega la wa thelathini na tisa.

Kuna kosa moja ambalo modeli ya plastiki hulisamehe na injini hailisamehi. Mtu akiifunga distributa ikiwa imepinda jino moja, gari lake halitawaka, au litapiga teke na kutema moshi kwenye kabureta. Kwenye V8 ya mezani, mota itazunguka vilevile, feni itavuma, taa zote nane zitawaka kwa mpangilio uleule bila kuruka hata moja, na wote chumbani watapiga makofi. Mpaka mmoja apige magoti, aweke jicho usawa wa bloku, aone taa inawaka wakati pistoni haipo juu inapotakiwa.